Kitabu Huria Siyo Gunia la Lumbesa

Lusajo baba,

Salamu sikuandikii. Tumeshinda wote leo, umekula wali wangu mpaka ukaegemea ukuta, sasa nikikuuliza hujambo nitakuwa nakutania. Umelala chumba cha pili hapo, unakoroma kama marehemu baba yako, na mimi nimekaa jikoni na hii kalamu inayotoa wino pale inapojisikia.

Usishangae mwandiko. Herufi nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha kanisani, mwalimu wetu alikuwa mke wa mwinjilisti, na kati ya wanawake wote wa Rujewa mimi ndiye niliyewahi kushika. Mama Tabia akikwambia ni yeye, mwambie alikuwa anachungulia daftari langu. Nimeamua kuandika badala ya kusema kwa sababu unanijua. Nikisema, naongeza. Naanzaga na panya namaliza na simba. Kuandika kunauma mkono, kwa hiyo uongo haupati nafasi kubwa humu. Utakuta mdogo mdogo tu, wa kukolezea.

Mambo ya kufua, ya kula, ya sweta kwa ajili ya baridi ya Iringa, ya wasichana na wezi wa simu, hayo siyagusi. Shangazi yako amekuhubiria mpaka mimi mwenyewe nikakuonea huruma. Nataka kukwambia jambo moja tu, habari ya vile vitabu vyako vya huria na jinsi nilivyotaka kuuza pawatila. Wewe unajua nusu yake. Nusu nyingine niliificha, maana mama yako alionekana mjinga, na unajua huwa sipendi kuonekana hivyo bila maandalizi.

Tuanze na pawatila yenyewe, ili ukifika huko ukawasimulia wenzako usikosee. Baba yako aliinunua ikiwa imeshatumika, trekta la mkono la magurudumu mawili, bovu, linakohoa. Alipofariki baba zako wadogo walikuja hapa nyumbani, wakakaa, wakanywa chai yangu, wakasema mwanamke hawezi kuishika ile mashine, itamvunja mkono, bora wao waichukue waitunze. Nikasema sawa, ngojeni niwatolee nje. Nikaiwasha, nikapanda, nikaondoka nayo mpaka shambani, nikalima mpaka jua likazama. Waliondoka chai imepoa. Mwanamke wa kwanza Usangu nzima kuendesha pawatila ni mimi. Kama yupo aliyenitangulia, ajitokeze na mashahidi.

Na ile hadithi ya lori lililokwama na mpunga kule Madibira. Ulivyokuwa mdogo nilikwambia nilifunga mnyororo nikaling'oa lori na magunia yake na dereva wake, na kipande cha barabara kikafuata nyuma. Ulivyofika sekondari malori yakawa mawili. Sasa unaenda chuo, nakwambia ukweli: ilikuwa pikapu. Lakini ilikuwa imejaa.

Ile pawatila ndiyo imekusomesha. Msimu wa kulima inalima mashamba ya watu, msimu wa kuvuna inabeba mpunga wa watu kupeleka mashineni kukobolewa. Siku isipofanya kazi, na mimi sifanyi. Hilo unalijua, ndiyo maana ulifanya ulichofanya.

Sasa nikwambie kwa nini kitabu kilinitia wazimu.

Kwetu Tukuyu, nilipokuwa darasani kile kipindi kifupi kabla hawajanitoa nikabebe mdogo wangu, darasa zima lilikuwa na kitabu kimoja cha kusoma. Cha mwalimu. Kilikaa kwenye kabati lenye kufuli. Mwalimu anafungua, anasoma, sisi tunaitikia, anafunga. Siku moja akanituma nikitoe ofisini nimletee. Mimi nikakiweka kichwani kama ndoo, nikatembea polepole kisije kikamwagika. Darasa likacheka mpaka mwalimu naye akacheka. Lakini nakwambia, Lusajo, kile kitabu kilikuwa kizito. Nikajua toka siku ile kwamba kitabu ni kitu kizito, chenye mwenyewe, na chenye kufuli.

Basi ulipopata nafasi ya ualimu wa baiolojia kule Iringa, sikujizuia. Nilikwenda mashineni, wanawake wote wapo wanapeta mchele, nikasema kwa sauti ya kusikika juu ya mashine: "Mwanangu anaondoka na sanduku la vitabu. Sanduku, siyo begi."

Mama Tabia akasema, "La vitabu au la mchele?"

"La vitabu. Mchele utafuata nyuma."

"Tutakuja kuliona stendi."

"Njooni na mabenchi yenu mkae."

Unaona sasa. Ile ahadi nilikuwa nimeshajifunga nayo kiunoni kama kitenge, mbele ya mashine nzima. Halafu jioni wewe unakuja na simu yako mkononi, umetulia kama mtu aliyetoka kuoga, unasema, "Mama, vitabu usihangaike. Mwalimu ametutumia kwenye grupu. Vyote ni huria."

Nikauliza, "Huria?"

"Huria. Kila mtu anachukua tu."

Nikanyamaza. Ukadhani nimefurahi. We mtoto, lini umeniona nimefurahi nikanyamaza?

Neno huria mimi nalijua kabla hujazaliwa. Tulikuwa tunauza mpunga wetu ushirika, wanapima kwa mzani, wanachelewa kulipa, tunanung'unika. Siku moja redio ikasema sasa ni soko huria. Tulipiga vigelegele, tulidhani huria ni sisi. Kumbe huria ni wao wanunuzi. Wakaja na magari yao na magunia yao, na gunia wakalijaza likajaa, halafu wakalishonea kilemba juu, wakajaza na kilemba. Ndiyo lumbesa hiyo. Unalipwa gunia moja, umetoa moja na kichwa chake na shingo yake. Ukiuliza unaambiwa, mama, soko ni huria, peleka kwingine. Kwingine nako wamekaa shemeji zake.

Kwa hiyo wewe uliposema vitabu huria, mimi nilisikia vitabu vya lumbesa. Nikajua mwanangu anakwenda kukamuliwa. Huko Iringa kila mtu atamuuzia kitabu kwa bei anayojisikia, na akilalamika ataambiwa apeleke kwingine. Halafu usiku nikawaza jambo baya zaidi: labda hakuna kitabu chochote, huyu mtoto ameniona nimechoka, ametunga uongo ili nisitumie hela. Kutunga asingekutoa mbali, angekutoa kwangu.

Ndiyo nikaamua nitakununulia vya dukani mwenyewe, nikampigia Baba Eliya wa Chimala, yule bwana ambaye kila akipita hapa anaiangalia pawatila kama anaangalia binti wa watu. Nikamwambia njoo Jumamosi jioni na hela yako. Na wewe nikakuaga Jumamosi hiyo asubuhi nakwenda mjini, soko la Mwanjelwa, kununua vitenge. Sikununua hata leso. Nilikwenda kuulizia bei ya vitabu, nijue sanduku litajaa au halitajaa.

Duka la vitabu nilielekezwa na muuza viatu. Ndani kuna kijana wa miwani, kakaa nyuma ya kaunta anakula karanga.

"Karibu mama, unatafuta nini?"

"Kitabu cha baiolojia cha chuo."

"Cha mwandishi gani?"

"Yeyote mwenye akili."

Akanishushia kimoja, kinene kama tofali la kuchoma, kimefungwa nailoni. Akataja bei. Nikamwambia, "Mwanangu, nimeulizia kitabu, sijaulizia kiwanja."

"Hicho ni kimoja, mama. Masomo yako mengi, kila somo na cha kwake."

"Haya kifungue nione ndani."

"Hakifunguliwi mpaka ununue."

Nikakiangalia kile kitabu ndani ya nailoni yake, nikaona kabati la mwalimu limenifuata kutoka Tukuyu mpaka Mwanjelwa. Nikapiga hesabu kichwani, na hesabu za kichwani mimi najua, hata Mama Tabia anakubali hilo. Pawatila ingeliwa yote na vile vitabu, na mimi ningebaki na mpini wa jembe. Nikasema basi, ndiyo hivyo. Nikajipa moyo. Nilikuwa nimeshaanza hata kuisimulia kichwani, jinsi nitakavyoisema mashineni: jamani, niliuza mashine yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikamuuliza tu kwa kupita, "Na vile vya huria mnauzaje?"

Akacheka na karanga mdomoni. "Huria? Hapa hakuna huria mama, hapa tunauza. Vya huria nenda steshenari pale kwenye kona, wanachapa. Vile vya bure."

Lile neno bure alilisema kama mtu anayesema samaki wa jana.

"Ni vibaya?"

Akafikiri kidogo. "Mama, mimi nauza vitabu. Unataka nikujibu nini?"

Nikampenda kwa jibu lile. Nikaenda kwenye kona.

Steshenari kuna binti wa rasta, mashine ya kopi inanguruma. Akasema, "Shikamoo bibi." Nikamwambia, "Marahaba, lakini niite mama. Bibi ni wale wenye meno machache kuliko yangu." Akacheka, akanipa benchi. Nikamtajia baiolojia, mwaka wa kwanza, chuo cha Iringa. Hata hakuinuka. "Ah, hicho. Tumekichapa sana hicho, wanafunzi wa huku wote wanapitia hapa." Akakifungua kwenye kompyuta, akanigeuzia.

Lusajo, mimi nilikuwa nategemea karatasi za magendo, zimefifia. Nikaona jani limekatwa katikati limechorwa, rangi zimetulia, vyumba vyake vidogo vidogo vimepangwa kama mashamba ya umwagiliaji ukiyaangalia kutoka mlimani. Nikamuuliza nani kaandika.

"Walimu wengi. Wa nje, na wengine wa hapa hapa."

"Nani aliwalipa?"

"Wengine vyuo vyao, wengine wafadhili, wengine wamejitolea. Ila msomaji halipi. Hapa unanilipa mimi karatasi na baindi. Akisoma kwenye simu halipi hata hiyo."

"Na lumbesa iko wapi?"

"Nini mama?"

"Mtego. Mahali pa kunikamua. Nionyeshe mapema nijiandae."

Akacheka akafungua ukurasa wa mwanzo kabisa, umeandikwa Kiingereza, akanisomea kwa Kiswahili akifuatisha na kidole. "Inasema hivi. Unaruhusiwa kunakili. Unaruhusiwa kumpa mwenzio. Unaruhusiwa kubadilisha na kuongezea. Ila utaje majina ya walioandika, na useme wapi umebadilisha."

Nikamwambia, "Rudia hapo pa kuongezea."

Akarudia. Nikamwambia arudie tena, akanitazama vizuri sasa. Akasema, "Ndiyo mama. Kwa mfano hapa mwanzoni walikuwa wameweka ngano. Kuna mwalimu akatoa ngano akaweka mpunga." Akanionyesha. Ni mpunga kweli, umesimama kwenye maji, mizizi yake imechorwa mpaka vile vinyweleo, na chini jina la huyo mwalimu na maneno kwamba yeye ndiye ameongeza.

Nilikaa pale kwenye benchi kama niliyepigwa shoti. Maisha yangu yote nasemwa kwa kuongezea. Baba yako alinisema, mchungaji alinisema, wewe unanisema. Kumbe kuna watu wasomi wamekaa chini, wakaandika kitabu kizima cha sayansi, halafu wakatoa ruhusa watu waongezee. Kumbe mimi nimekuwa kitabu huria miaka yote hii, nimekosa baindi tu.

Ila lile sharti likanibana. Utaje majina. Mimi hadithi zangu nusu nimezichota kwa watu, ya fisi na pipa la pombe ni ya mjomba wako, na sijawahi kumtaja hata siku moja. Nimemtaja sasa hivi, umeona.

Nikamwambia binti, "Nichapie ile sehemu ya mpunga yote, na sura za mwanzo, unibaindie vizuri na jalada gumu." Wakati mashine inachapa nikawaza. Mwanangu hakunidanganya. Hakuna anayemkamua. Ni mimi peke yangu niliyekuwa nashona kilemba juu ya gunia. Pale pale kwenye benchi nikaamua pawatila siuzi.

Ndiyo simu ikaita. Wewe.

"Mama, kuna mtu hapa anasema amekuja kuchukua pawatila."

Baba Eliya mwenye haraka zake, nilimwambia jioni yeye amekuja mchana. Nikasema, "Mwambie angoje."

"Mama, umeuza pawatila?"

Nikasema nakuja, nikakata. Siku nyingine ningesingizia mtandao. Haukuwa mtandao. Nilikata mwenyewe, nikachukua kitabu changu nikadaka gari la kwanza la kurudi Rujewa.

Kilichofuata unakikumbuka, lakini ulikuwa umekaa chini ukikiangalia kutoka kwenye ngazi. Mimi nilikiona kutoka getini. Baba Eliya kavua koti, kakunja mikono ya shati, anazungusha hendeli ya pawatila, jasho linamtiririka mpaka kwenye viatu. Na wewe umekaa kwenye ngazi ya mlango umenyooka kama shemasi.

"Mama Lusajo, mashine yako imekufa?"

"Asubuhi ilikuwa nzima."

"Nazungusha toka saa ile, ikiwaka haisogei. Halafu nimeona haina mikanda."

Nikakuangalia. Ukaangalia kuku.

"Lusajo, mikanda ya pawatila iko wapi?"

"Nimeikalia."

Baba Eliya akaacha hendeli. Ulinyanyuka, na kweli mikanda ilikuwa pale imejikunja kama nyoka wamelala, ukasema yale maneno. Nayaandika hapa ili siku ukiwa mwalimu mkubwa usijifanye umesahau.

"Mama, ukitaka kuuza uza, ni ya kwako. Lakini mimi Iringa siendi. Nitakaa darasani nafungua kitabu naona nini? Nitakuona wewe na jembe kwenye tope, na umri huo."

"Umri upi?"

"Huo huo, mama."

Baba Eliya akacheka akajifanya anakohoa.

Ukaendelea. "Na hivyo vitabu vya dukani hata ukininunulia sitavisoma. Darasa zima tunasoma hiki kimoja. Mwalimu akisema fungua mahali fulani, wote tunafungua pale pale. Tajiri na maskini, wote ukurasa mmoja. Mimi nitakuwa nimekaa pembeni na tofali langu peke yangu, natafuta walipo wenzangu. Kitabu hiki ni kizuri, mama. Hujakiona tu."

Nilikuwa nimeshakiona. Kilikuwa kwenye mfuko wangu, bado kina joto la mashine. Hiyo ndiyo nusu niliyokuficha. Unatembea hapa mtaani unadhani siku ile ulinishinda. Nilikuwa nimeshajishinda mwenyewe kule Mwanjelwa. Nilikuacha useme mpaka mwisho kwa sababu nilikuwa sijawahi kukusikia unaongea hivyo bila kuangalia chini, na kwa sababu, ukweli, maneno yalikuwa mazuri, nilitaka kuyaiba.

Halafu nikamgeukia Baba Eliya nikamwambia nisamehe bwana, haiuzwi.

"Mama Lusajo, yaani umenitoa Chimala bure."

"Siyo bure. Huria."

Hakuielewa, akaondoka na mfuko wa mchele mpya wa kumpoza, na wewe ukarudisha mikanda. Uliikaza ile ya mbele kupita kiasi. Nimeilegeza.

Sasa mwanangu, toka siku ile nimekuwa najiuliza kwa nini niling'ang'ania kuuza hata kabla sijajua vitabu vinauzwaje. Mama mwingine angesema ni mapenzi. Na mapenzi yapo, sikatai. Lakini kuna kitu kingine kilikuwa kimejibanza nyuma ya mapenzi. Niliitaka ile hadithi. Mama aliyeuza mashine yake akamsomesha mtoto. Ingekuwa hadithi yangu kubwa kuliko zote, na hii isingehitaji hata kuongezewa. Ningeisimulia mashineni mpaka wanijue Mbarali yote.

Na wewe ungeibeba. Hicho ndicho sikukiona. Kila ambapo ungefeli mtihani, usingefeli mtihani tu, ungefeli na pawatila. Kila ambapo ungetaka kucheka na wenzako jioni, ungesikia hendeli inazungushwa. Kitu cha bure kilinikera kwa sababu hakikuniachia nafasi ya kuumia mbele za watu. Nimefika umri huu, huo huo ulioutaja, ndiyo nimejua kwamba si kila kizuri anachopata mtoto lazima kimtoe mzazi damu. Vingine vinatoka kwa mtu usiyemjua, aliyekaa mahali akaandika vizuri akaacha mlango wazi. Wewe pita tu, ukisema asante.

Huko utakutana na watu wana vile vitabu vya nailoni. Usiwaonee aibu na wala usiwacheke. Labda mama zao hawakupata wa kukalia mikanda. Ukiona mwenzio hana simu nzuri, mwache asome kwenye kile changu cha baindi. Ndiyo maana nimekutilia kwenye begi, chini ya mashuka.

Na ukishakuwa mwalimu, ongezea. Usikae tu unachukua vya wenzako. Ukikuta wameandika kosa, waambie, yule binti wa steshenari alisema wanapokea. Ukikuta mfano wa matunda ambayo mtoto wa Rujewa hajawahi kuyaona hata kwenye picha, toa, weka chetu. Siku ukiweza, kiandike chote kwa Kiswahili, ukiache pale mlango wazi, mtoto yeyote akichukue. Ila ongeza cha kweli. Hapo usiniige. Na majina uyataje yote, hata ya mtu aliyeleta picha moja.

Jumapili nipigie, unisomee kidogo kidogo ile sehemu ya mpunga. Nimeiangalia michoro mpaka nimeichoka, maneno bado yananikatalia. Kuna mahali wamechora maji yanapanda kwenye bua kwenda juu, yanapanda yenyewe bila pampu. Hapo naona na wao wameongeza kidogo, lakini nitakusikiliza.

Mama Tabia nimeshamalizana naye. Nilikwenda mashineni na kile kitabu cha baindi kabla sijakufungia. Akaanza mara moja.

"Sanduku liko wapi, Mama Lusajo?"

"Kwenye simu."

"Sanduku zima?"

"Sanduku na kabati lake. Na kufuli wameshavunja."

Wanawake wakacheka, na yeye akacheka, nikakaa najiandaa kwa la pili. Halikuja. Akaendelea kupeta, akapeta, halafu wakati wengine wamegeuka akanisogelea akauliza kwa sauti ya chini, "Na Tabia wangu, mwakani akipata chuo, na yeye anaweza kuchukua?"

Ningeweza kumzungusha pale mpaka jioni. Nilikuwa na maneno ya kutosha. Nikamwambia anaweza, hata leo anaweza, na kwamba wewe Lusajo utamwonyesha pa kuvichukulia kabla hujaondoka. Tabia alipokuja jana kukuuliza habari ya grupu, ndiyo ilikuwa hiyo. Ulidhani amekuja kwa ajili ya macho yako.

Mkono umechoka. Kalamu nayo imeanza kukohoa.

Stendi kesho sitakuja, usinitafute. Yule mteja wangu wa Igawa amepata zamu ya maji alfajiri, shamba limejaa, lazima nikalichavange, nilivuruge na maji yake, kabla tope halijakaza. Nitaondoka wewe bado unakoroma. Chai iko kwenye chupa. Nilitaka kumwambia hapana, nikakumbuka kwamba kazi yenyewe ndiyo hiyo tuliyoibakiza, na hela ya chumba chako inatoka humo.

Shamba lake liko kando ya barabara kuu, upande wa kushoto kwa anayekwenda Iringa, kwa hiyo kaa dirisha la kushoto. Ukiona pawatila inakata maji, na ndege yangeyange weupe wanaifuata nyuma wanaokota wadudu, na juu yake amekaa mwanamke kajifunga kilemba chekundu, ndiyo mimi. Nitakuwa nalijua basi lako. Usinipungie mkono lakini, konda atadhani unataka kushuka. Mimi ndiye nitakayepunga, na nitapunga kwa wote mliomo.

Ndaga, asante, mwanangu.

Mama yako